Kumtafuta Mungu kwa Moyo Wote Ugenini

Kitabu chetu hiki cha mwaka kina kawaida yake. Huandika watoto waliozaliwa, vijana waliooana, waliomaliza masomo, waliopata uraia, na wale waliotutangulia mbele ya haki. Ni kawaida njema, na mimi kila kinaponifikia huanza na kurasa za watoto, kisha huenda za marehemu, kama wafanyavyo wazee wengi. Lakini yako mambo yasiyo na ukurasa. Hakuna orodha ya waliozidi imani mwaka huu, wala ya waliopungukiwa. Na haiwezekani iwepo, kwani ajuaye hilo ni Mwenyezi Mungu peke yake. Hata hivyo sioni kuwa ni vyema jambo hili tulinyamazie kabisa, kila nyumba ikaachwa ipambane nalo peke yake nyuma ya mlango uliofungwa kwa ajili ya baridi.

Basi nimeomba nafasi hii nitoe maoni yangu. Mimi si sheikh wala si mchungaji. Ni mwalimu mstaafu, niliyesoma chuo cha Kurani Mombasa tangu utotoni, kisha skuli ya sekondari, ambako dini ya Kikristo pia ilikuwa somo na mtihani wake ukifanywa. Na jamaa zetu hizi zinazosoma kitabu hiki ni za dini mbili. Wengi wetu ni Waislamu. Lakini tunao mashemeji, wakwe na wajukuu Wakristo, Walutheri wa Iringa na Bukoba, Wasabato wa Kisii, Waanglikana wa Taita. Nitasema na wote, kwa kuwa ninaloliona limewafika wote.

Maneno haya ya kumtafuta Mungu kwa moyo wote husikika sana katika mahubiri ya jamaa zetu Wakristo. Aghalabu hutajwa kama ushauri kwa mtu yeyote, mahali popote. Ni sawa. Lakini nadhani wachache hukumbuka yametoka wapi, na sisi wahamiaji ndio tuliostahili kukumbuka zaidi. Yametoka katika barua. Mwaka 597 kabla ya Kristo, mfalme Nebukadneza wa Babeli aliuteka mji wa Yerusalemu, akamchukua mfalme Yekonia pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi, akawapeleka nchi ya mbali. Nabii Yeremia alibaki Yerusalemu, na kutoka huko akawaandikia barua wale waliohamishwa. Humo ndimo alimowaambia habari ya kumtafuta Mungu kwa moyo mzima. Hakuwaambia watu waliokaa kwao wakasikia kengele na kuona hekalu lao. Aliwaambia watu walio ugenini, waliokuwa hawana hekalu, wala mji, wala lugha ya wenyeji.

Na tazama lililotangulia katika barua ile. Walikuwako waliojiita manabii wakiwaliwaza watu kuwa karibu watarudi. Hanania alisema ni miaka miwili tu. Yeremia akasema la, ni miaka 70. Jengeni nyumba mkae, akawaagiza, limeni bustani mle matunda yake, waozeni watoto wenu, na muuombee kheri mji mliopelekwa. Baada ya hayo ndipo likaja hilo la kumtafuta Mungu. Maana yake, kama niionavyo mimi, ni kwamba mtu hawezi kumtafuta Mungu kwa moyo wote hali nusu ya moyo wake ameiweka ndani ya sanduku, akingojea safari ya kurudi.

Je, hii si hali yetu? Wako kati yetu waliokuja Minnesota wakasema watakaa miaka mitano, na sasa watoto wao wana watoto. Kwa miaka yote hiyo ibada iliahirishwa pamoja na mengine. Nitatulia nikirudi. Nitahiji nikishajenga kwetu. Nitakwenda kanisani nikimaliza hizi zamu mbili. Nitawafundisha watoto dini tukenda nao nyumbani likizo. Likizo ikifika, watoto wanapelekwa kuona bahari na kusalimia bibi na babu, wiki tatu zinakwisha, na wanarudi kama walivyokwenda. Hatukusudii ubaya. Tumeishi tu kama abiria kituoni, na abiria hapandi mti.

Niseme tena kwa upande wa pili, ili nisije nikadhaniwa naona makosa ya watu tu. Kumcha Mungu hapa ni kazi ngumu kuliko kwetu, na yafaa tukiri hivyo. Kule Mombasa jua halina hila. Mwaka mzima mchana na usiku hukaribiana, na siku iliyo ndefu kuliko zote haiizidi iliyo fupi kwa hata saa moja. Mtu alijua alasiri kwa kivuli cha ukuta wa jirani. Minneapolis na Saint Paul ziko karibu na nyuzi 45 kaskazini ya ikweta, na huku mambo ni mengine. Siku zile fupi za Disemba jua huchomoza karibu na saa 2 asubuhi na kutua saa 10 na nusu jioni. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote huangukia ndani ya zamu moja ya kazi. Mwezi wa Juni jua hutua baada ya saa 3 usiku, isha husaliwa karibu na saa 5, na alfajiri huingia kabla ya saa 10. Ramadhani ya 2016 ilianza mwezi huo wa Juni, na funga ilipita saa 17. Tena kuna baridi. Asubuhi ya 30 Januari 2019 kipimo cha uwanja wa ndege wetu kilishuka hata nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Mtu aliyetia udhu siku hiyo akatoka kwenda msikitini ndevu zikiwa bado na maji anajua nisemalo.

Wakristo nao wana lao. Sabato huanza jua likitua Ijumaa hata litue Jumamosi. Kwa Msabato wa Kisii aliyezoea kwao, Ijumaa ya Disemba hapa Sabato inamwingilia saa 10 na nusu, hali bosi wake anamtaka hata saa 12. Na Jumapili katika nyumba za wazee na mahospitali, ambako jamaa zetu wengi ndiko wapatako riziki, ni siku kama siku nyingine. Wagonjwa hawaachi kuugua kwa ajili ya misa. Shemeji yangu mmoja aliacha kazi yenye malipo mazuri kwa kuwa ilimdai kila Jumamosi, akachukua nyingine ya malipo haba. Sikumsikia akijisifu wala kulalamika. Nilimwona tu mwaka ule akiendesha lile gari lake kuukuu mwaka mzima zaidi.

Basi tofauti ni hii. Kwetu mtu alikuwa akisukumwa. Muadhini alimsukuma, kengele ilimsukuma, jirani alimsukuma, na hata aibu ilimsukuma, kwa kuwa asiyeonekana Ijumaa aliulizwa. Mtu aliweza kufika umri wa miaka 60 akisali bila ya hata siku moja kuamua kusali. Sisemi kuwa sala ile haikuwa sala. Lakini hapa hakuna wa kutusukuma, na kwa hivyo kila sala ni uamuzi. Lazima utazame saa, uombe ruhusa, utafute chumba, na umweleze mtu asiyejua kwa nini una miguu iliyolowa. Ama unataka, ama hutaki. Hali hii wengine huiona ni balaa tupu. Mimi naona ndani yake mna neema, kwa sababu ni hapa ndipo mtu hujijua kama alikuwa akimtafuta Mungu au alikuwa akifuata mtaa.

Naongeza habari moja ya mji huu. Katika Ramadhani ya 2020, misikiti ilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, adhana ilisikika kwa kipaza sauti kutoka msikiti wa Dar Al-Hijrah, mtaa wa Cedar-Riverside. Aprili 2023 Baraza la Jiji la Minneapolis likaruhusu adhana zote tano, alfajiri na isha zikiwamo, na likawa jiji kubwa la kwanza Marekani kufanya hivyo. Tulifurahi, na wazee wengine walilia. Ni haki kufurahi. Lakini wengi wa jamaa zetu wanakaa Brooklyn Park, Burnsville na Eagan, ambako sauti ile haifiki. Na hata ingefika, adhana huita sikio. Kuinuka ni shauri la mtu mwenyewe. Kijana aliyelala Cedar naye huweza kuisikia akajigeuza upande wa pili.

Sasa nije kwa watoto, kwani hapa ndipo penye uzito. Wengi wetu tumefanya lile lililo jepesi: tunamlipa mtu atufundishie. Jumamosi asubuhi tunamshusha mtoto mlangoni mwa madrasa, au Jumapili mlangoni mwa kanisa, tunakwenda dukani, tunarudi kumchukua. Tumetimiza. Mtoto anajua juzuu ya Amma kwa kichwa, au anajua vitabu 66 vya Biblia kwa mpangilio wake. Nyumbani hamwoni baba akisali, kwa kuwa baba yuko zamu au amelala. Hamsikii mama akiomba kwa sauti, kwa kuwa mama amechoka. Basi mtoto huyo, ambaye si mjinga, anajifunza kuwa dini ni somo la Jumamosi, kama hesabu zilivyo somo la Jumatatu, na kwamba ukimaliza skuli hayo yote yamekwisha. Akifika miaka 18 akaenda chuo kikuu, haasi wala hagombani. Anaacha tu, kimya kimya. Nimewaona wazazi wakishtuka hapo, wakatafuta wa kumlaumu: Marekani, simu, marafiki. Hayo yote yana sehemu yake. Lakini samaki hukunjwa angali mbichi, na mkono wa kumkunja ulikuwa wa nani?

Ziko pia mabishano ya lugha, na najua nikisema hili wako watakaokasirika. Wazee wengine wanashikilia kuwa dini isifundishwe kwa Kiingereza; eti mtoto akielezwa kwa Kiingereza, imani haishiki. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu nazitoa katika historia yetu wenyewe.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Kiarabu. Angeweza kuandika Kiarabu tu akaheshimiwa na wanavyuoni wenzake. Lakini alitoa magazeti, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akaandika kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida apate kujua dini yake. Mwanafunzi wake katika njia hiyo, Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Zanzibar, alifasiri Kurani nzima kwa Kiswahili, ikatoka 1969. Walikuwako waliokuwa na wasiwasi nayo, kwamba watu watatosheka na tafsiri wakaacha asili. Leo nyumba gani ya Mswahili Mwislamu haina tafsiri hiyo? Na kwa upande wa Wakristo ni vivyo hivyo. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza na kujifunza Kiswahili na kufasiri, na Askofu Steere kule Zanzibar alitumia maisha yake kwa kazi hiyo hiyo. Wote hawa, ambao katika itikadi walikuwa mbalimbali kabisa, walijua jambo moja: neno lisiloeleweka haliwezi kuuingia moyo, hukaa ulimini.

Wao walitumia Kiswahili kwa kuwa ndicho walichokuwa wakikifahamu watu wao. Wajukuu wetu wa Minnesota wanafikiri na kuota kwa Kiingereza. Basi kuwanyima maana kwa Kiingereza ni kuwafanyia lile ambalo Sheikh Al-Amin alikataa tusifanyiwe sisi. Nasema hivi: Kurani isomwe kwa Kiarabu chake, kwa tajwidi na adabu, maana ielezwe kwa lugha ambayo mtoto ataielewa bila kukunja uso, na dua za nyumbani, za kulala, za kula, za safari, za mgonjwa, ziombwe kwa Kiswahili, ili lugha ya bibi yake iwe ndiyo lugha anayoijua ya kumlilia Mungu. Kila lugha na kazi yake, wala hapana inayomfukuza mwenziwe.

Kingine ni maswali. Chuoni kwetu mtoto akiuliza sana alionekana mtovu wa adabu. Hapa skuli zinawafundisha watoto kuuliza tangu wana miaka mitano, na hawawezi kuwa watu wawili, wa kuuliza Jumatatu na wa kunyamaza Jumamosi. Tukiwanyamazisha, watauliza kwingine, na watajibiwa. Nabii Ibrahimu, ambaye Waislamu na Wakristo wote tunamwita baba wa imani, katika kisa tulichofundishwa chuoni aliitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, akaona kila kimoja kinatua, ndipo akamwelekea Aliyeviumba vyote. Maalim wetu alitusimulia kwa kirefu, na hakuna kati yetu aliyedhani kuwa kutazama kule na kupima kulikuwa utovu wa adabu.

Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka 11, aliniuliza siku moja nikikunja msala: "Babu, unasali kwa sababu unampenda Mungu, au kwa sababu umezoea?" Nilimjibu, "Kwa yote mawili." Akasema hilo si jibu. Nikamwambia akae nimweleze, na nitaeleza hapa pia, kwa sababu wakubwa wengi wana swali hilo hilo na hawalitamki.

Vijana siku hizi hudhani kuwa moyo wote maana yake ni moyo uliojaa hisia, na kwamba siku ambayo hisia hazipo, kusali ni unafiki. Si hivyo. Mama anayemwamkia mtoto mchanga saa 9 za usiku hana hisia yoyote njema wakati ule, ana usingizi. Lakini anaamka, na hakuna awezaye kusema kuwa hampendi mwanawe kwa moyo wote. Mazoea ni kama mtungi na mapenzi ni maji. Mtungi mtupu hauondoi kiu, kweli. Lakini maji yasiyo na mtungi yatakaa wapi? Sisi wazee tulirithi mtungi, na hatari yetu ni kuuacha mkavu. Watoto wetu wana kiu ya maji, na hatari yao ni kuuvunja mtungi kwa kuwa wameukuta mkavu kwetu. Nilimwambia hivyo mjukuu wangu. Akafikiri, kisha akauliza kama siku ile mtungi wangu ulikuwa na maji. Nikamwambia nusu. Jibu hilo alilikubali.

Vipi basi mtu atajua kuwa imani yake inakua? Sioni kipimo katika wingi wa machozi wala urefu wa ndevu. Nitataja mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa mwalimu mwenzangu, ikiwa naruhusiwa kumwita hivyo. Imamu Ghazali mwaka 1095 alikuwa mwalimu mashuhuri kuliko wote katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Aliitazama nia yake katika kusomesha akaona ya kuwa haikuwa kwa ajili ya Mungu tu, bali mlikuwamo jaha na sifa. Akaacha cheo, akatoka kwenda Sham kwa hali ya ufakiri, akakaa miaka akijisafisha. Sisemi watu waache kazi zao hapa Saint Paul. Kodi ya nyumba haitalipwa na zuhudi ya mtu. Nasema kila mmoja ajiulize swali lile la Ghazali juu ya jambo jema alifanyalo: nafanya kwa ajili ya nani?

Wa pili ni wa Kikristo na wa Afrika yetu. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala, wakasali na kusoma pamoja. Kutokana na hayo na kazi ya Gahini nchini Rwanda, likaanza vuguvugu ambalo katika miaka ya 1930 lilienea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Walikutana majumbani, si makanisani tu. Na kilichowashangaza majirani si nyimbo zao. Mtu akiokoka alikwenda kwa aliyemwibia akarudisha kitu, kwa aliyemdhulumu akaomba radhi, tena mbele ya watu. Mmoja wa waliolelewa na uamsho ule ni Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeingia mwaka 1948, na Februari 1977 akauawa chini ya utawala wa Idi Amin baada ya kupinga dhuluma waziwazi. Mimi Mwislamu sioni haya kusema kuwa hapo pana fundisho kwetu. Tuna jamaa humu waliogombana kwa deni la tikiti ya ndege, au kiwanja kule nyumbani, na wote wawili hawakosi ibada. Imani ikikua, deni lile litalipwa. Lisipolipwa, tunakwenda kufanya nini safu ya mbele?

Wa tatu ni Habib Saleh wa Lamu, sharifu aliyetoka Ngazija, aliyeasisi msikiti na chuo cha Riyadha. Katika mji uliokuwa na tabaka zake, ambamo si kila mtoto alikaribishwa kwenye elimu, yeye aliwafundisha hata wale waliotoka katika utumwa. Wakubwa wa mji hawakupenda. Leo hao wakubwa wengi hawatajwi, na Riyadha inajulikana pwani nzima. Nasi hapa tunao tunaowatazama kwa pembe ya jicho: aliyekuja juzi hana karatasi, mtoto wa mama asiye na mume, kijana aliyetoka jela. Anayemtafuta Mungu atapita mlangoni kwao.

Mji huu umetuonyesha pia kuwa nyumba ya ibada si mahali pa starehe tu. Alfajiri ya 5 Agosti 2017 bomu lilitupwa katika msikiti wa Dar Al-Farooq, Bloomington, watu wakiwa wamekusanyika kwa sala. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia. Siku zilizofuata majirani wa dini mbalimbali walifika kusimama nao. Na 27 Agosti 2025, katika kanisa Katoliki la Annunciation, Minneapolis, mtu mwenye silaha alifyatua risasi watoto wa skuli wakiwa katika misa; watoto wawili walikufa na wengi walijeruhiwa. Jioni ile ile watu kwa mamia walikusanyika kuomba. Hapo yafaa sisi Waislamu tukumbuke waliotujia mwaka 2017. Na yafaa wote tuwaulize watoto wetu wanalionaje, kwani wanasikia kila kitu, na wengine wanaogopa kuingia msikitini au kanisani na hawatuambii.

Juu ya jamaa za dini mbili nitasema kidogo, maana ni jambo la upole. Wako wanaoona kuwa ili tuishi vizuri yafaa kila mmoja alegeze dini yake, sikukuu zote ziwe pilau tu. Mimi naona kinyume. Mtu asiyeshika lake hamheshimu anayeshika lake, humwona msumbufu. Shemeji yangu Msabato na mimi hatusali pamoja, na katika mengine hatukubaliani wala hatujifanyi tumekubaliana. Lakini Ijumaa jioni hanipigii simu kwa sababu Sabato yake imeingia, nami wakati wa magharibi simpigii kwa sababu naijua ya kwangu, na kwa hivyo kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi saa ile. Linganisho hili zuri lilianzishwa mjini humu na wengine kabla yetu: makanisa ya Kilutheri ya Saint Paul na Dayosisi ya Iringa wamekuwa na udugu waliouita Bega kwa Bega, sharika kwa sharika, wakiombeana na kutembeleana. Ndani ya ukoo mmoja tusishindwe na waliotenganishwa na bahari.

Sasa nipendekeze, nisiwe wa kusema tu. Kwanza, kila nyumba iwe na sala moja kwa siku ambayo mzazi na watoto husali pamoja, hata kama ni moja tu, hata kama ni dakika 10. Kwa Waislamu magharibi wakati wa baridi inafaa, watoto wakiwa wamerudi skuli. Kwa Wakristo ni kabla ya kulala. Zamu zikizuia, mzazi mmoja ashike nafasi ya mwenziwe. Pili, tunaowapeleka watoto madrasa au skuli ya Jumapili, mara moja kwa mwezi tukae ndani nao tusikilize, kisha njiani tuwaulize maana, si hesabu ya walichohifadhi. Tatu, sisi wazee tuliostaafu, ambao tuna wasaa, tusiutumie wote kwa televisheni na habari za siasa za nyumbani. Mimi niko tayari kukaa na watoto wa nyumba yoyote ya jamaa hizi, jioni moja kwa wiki, tukizungumza kwa Kiswahili juu ya visa vya Mitume, na maswali yote yanaruhusiwa. Sitaki malipo. Ikiwa ni watoto wa Kikristo, nitamwita mzee mwenzangu wa upande huo akae nao, maana wako na wanangoja kuitwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumeinama kwa ajili ya riziki, na Mungu ametupa. Nyumba zimejengwa, hapa na kule, na picha zake zimo katika kitabu hiki. Tuiname na kwa hili. Miaka 70 ya barua ile ya Yeremia ilikuwa mirefu kuliko maisha ya wengi walioipokea. Walioona mwisho wake ni watoto na wajukuu. Na kama wajukuu wale walikuwa bado wanamjua Mungu wa babu zao, ni kwa kuwa kuna watu walikaa nao jioni, ugenini, wakawasimulia.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote walioandikwa katika kurasa za marehemu mwaka huu, awakuze watoto waliozaliwa, na azithibitishe nyoyo zetu sote katika kumtafuta Yeye. Amin.